Antena imeliwa na chumvi: siki, msasa, au mpya?

Hapa Tanga, ukizunguka nyumba zinazotazama bahari upande wa Raskazone, utaona kitu ambacho ukishapanda Lushoto hukioni: kila chuma kilicho juu ya paa kina sura mbili. Upande unaopigwa na kusi umeliwa, upande wa pili bado una rangi ya dukani. Antena nazo ndivyo zilivyo. Alumini inaota unga mweupe, shaba inageuka kijani, nati na bolti zinashikana hadi spana inateleza bure. Siku moja mwenye nyumba anainua macho, anayaona haya yote, anaita fundi. Swali huwa ni lile lile: "Isuguliwe na nini hii, siki au msasa?"

Jibu langu huwa linawaudhi kidogo. Nasema tuchague kwanza mahali, dawa tutaichagua baadaye. Antena mbili zenye kutu inayofanana machoni zaweza kuhitaji matibabu yasiyofanana hata kidogo, na ile mbaya zaidi kwa sura mara nyingi ndiyo nzima zaidi kwa kazi.

Kutu ya kutazama na kutu ya kuumiza

Mkondo wa mawimbi ya redio haupiti katikati ya kijiti. Unatambaa kwenye ngozi ya nje ya metali, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo ngozi hiyo inavyozidi kuwa nyembamba. Kwenye alumini, kwa MHz 100 za redio ya FM, ngozi hiyo ina kina cha mikroni 8 hivi. Kwa MHz 600, wanakopita wenye ving'amuzi vya antena, ni mikroni 3 na ushee. Unywele wa mtu una takriban mikroni 70. Mtu akisikia hesabu hii anakimbilia msasa: kama mawimbi yanapita juu kabisa, basi kutu iliyo juu kabisa si ndiyo inayoyazuia?

Siyo. Ule unga mweupe si metali tena, ni kihami. Mkondo haupiti ndani yake, unapita chini yake, kwenye alumini iliyobaki nzima. Waya wenye ganda la plastiki unapitisha umeme bila kuuliza ganda lina rangi gani, na kijiti chenye unga juu yake ni hivyo hivyo. Kikishaliwa hadi kina mashimo, au kimepungua unene hadi kunguru akitua kinapinda, hapo ni habari nyingine, na hiyo haitibiki kwa kusugua.

Kihami hicho kinakuwa adui pale mkondo unapolazimika kuvuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine: kijiti kinacholishwa kinapokutana na kebo ndani ya kile kisanduku cheusi cha plastiki, bomba linapoingia ndani ya bomba jingine, skrubu inapobana kishikio cha waya. Hapo safu ndogo ya unga inatosha kukata njia. Na kama metali zilizokutana ni mbili tofauti, tuseme waya wa shaba umebanwa kwenye alumini, umande wa chumvi ukipita katikati unatengeneza betri ndogo. Alumini ndiyo inayolipa. Shaba inabaki inakutazama.

Kuna ubaya mwingine ambao wenye redio koli wanaujua zaidi. Ungio lenye kutu linaweza kufanya kazi kama dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, likachanganya mawimbi ya stesheni mbili zenye nguvu na kuzaa ya tatu isiyokuwapo hewani. Stesheni moja ikiwa MHz 92 na nyingine MHz 95, ungio bovu laweza kukuzalia makelele kwenye MHz 89 na 98. Unalaumu redio, unalaumu jirani mwenye jenereta, kumbe ni nati iliyoko juu ya kichwa chako. Na wala si lazima iwe ya antena: mabati ya paa yaliyolegea yanaweza kufanya vivyo hivyo.

Pima kabla hujapanda na ndoo

Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kwa nusu ya kazi. Fungua kebo upande wa redio, pima kati ya waya wa katikati na wavu wa nje. Antena yenye kijiti kilichokunjwa mviringo, au yenye kibadilishi (transfoma ndogo kati ya antena na kebo) ndani ya kisanduku, kwa kawaida itaonyesha ukinzani mdogo sana. Antena ya vijiti viwili vilivyoachana haitaonyesha kitu. Cha kutafuta ni tabia: tingisha kebo, namba zikiruka-ruka, una ungio bovu. Antena iliyotakiwa kuonyesha ukinzani mdogo ikionyesha mamia, una maji au kutu njiani.

Kwa wenye redio za kurusha kuna mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu inayorudi nyuma. Ikisoma 2, karibu asilimia 11 ya nguvu inarudi. Ikisoma 3, ni asilimia 25. Mita hiyo ni nzuri, lakini nitakuambia ilivyonidanganya.

Nahodha mmoja wa boti ya uvuvi aliniita akisema redio yake haifiki popote. Akiita chaneli 16, wenzake wanaomwona kwa macho ndio pekee wanaomsikia. Nikafunga mita, ikasoma 1.7. Nikamwambia, "Nahodha, antena yako haina neno." Akanijibu kwa upole wa watu wa bahari: "Haina neno, lakini mimi sisikiki, fundi." Nikapanda, nikaifungua antena kutoka kwenye kebo, nikashuka kupima tena bila antena kabisa. Ikasoma 1.7 ile ile.

Kebo ilikuwa imekunywa maji. Kebo iliyooza inakula nguvu inapokwenda, na ile kidogo inayorudi inaliwa tena njiani, kwa hiyo mita iliyoko chini inaona kitu kidogo tu kikirudi na inakusifia. Kebo inayopoteza desibeli 6 kwenda, yaani robo tatu ya nguvu, itaonyesha SWR ya kama 1.7 hata ukiiacha wazi juu bila kitu chochote. Antena yake tungeweza kuisugua wiki nzima. Tangu siku hiyo, mita ikinipa namba nzuri kwa antena iliyokaa miaka mingi kwenye chumvi, naanza na kebo.

Sasa tushindanishe dawa

Tuseme umepima, na shida ni kweli iko kwenye antena. Hizi ndizo njia zinazotumika huku kwetu, na ninavyozipanga.

Maji baridi na sabuni ya vyombo ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na kwa vijiti ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inaondoa chumvi yenyewe, na chumvi ndiyo mzizi wa kutu. Haiondoi unga mweupe uliokwisha shika, lakini tumeshaona kwamba huo hauna ubaya. Antena iliyo karibu na bahari ikioshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara moja au mbili kwa mwaka inaishi muda mrefu kuliko iliyosuguliwa ikang'aa mara moja kisha ikasahauliwa. Mwaka ambao masika imenyesha vizuri, kazi hii mvua imekusaidia. Mbaya ni ile miezi ya upepo mkavu, chumvi ikitua kila jioni bila cha kuiosha.

Siki na ndimu zina wapenzi wengi, na si kwa bure. Asidi yake inayeyusha kutu ya kijani ya shaba na unga wa alumini bila kukwaruza. Lakini zina masharti. Alumini inatulia kwenye pH (kipimo cha uasidi) kati ya 4 na 8.5 hivi, siki iko chini ya 3, kwa hiyo ikimaliza unga inaanza kutafuna alumini yenyewe. Dakika 10 hadi 15 kwa kitambaa kilicholowa zinatosha. Halafu maji mengi, kisha maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia (baking soda) ili kuua asidi iliyojificha kwenye vipenyo, kisha maji tena. Mtu anayepaka siki kwenye ungio, akafunga nati na kushuka ngazi, ameacha asidi ndani ya nyumba aliyokuja kuikarabati.

Na hapa lazima niseme neno juu ya mapishi ya nyumbani. Bibi zetu waling'arisha masinia ya shaba kwa ndimu na chumvi, au ndimu na majivu, na masinia yaling'aa kweli. Sinia linaoshwa na kufutwa. Antena inabaki nje. Chumvi uliyoipaka kwa mkono wako ni ile ile uliyokuwa unaikimbia, na majivu yana magadi makali yanayoila alumini. Mapishi ya sinia yaachiwe sinia.

Msasa ni wa maungio. Namba 220 kwa ungio lililoharibika sana, 400 kwa kumalizia. Tatizo lake halisemwi sana: alumini uliyoisugua inaota safu mpya ya kihami ndani ya sekunde chache. Ni safu nyembamba mno, nanomita chache tu, lakini ni ngumu, na ukichelewa hewa ya bahari inaifanya nene. Ndiyo maana fundi mwenye mazoea hasugui kukavu. Anapaka kwanza grisi ya viungo vya umeme, kisha anasugua ndani ya hiyo grisi, kisha anafunga bila kufuta. Hewa haipati nafasi ya kugusa metali iliyofunuliwa. Mara ya kwanza utaona ni uchafu tu, mikono yote myeusi. Ungio lililofungwa hivyo nimelifungua baada ya miaka nikalikuta linang'aa ndani.

Pedi ya kijani ya kuoshea vyombo ni ndugu mpole wa msasa. Haina chuma ndani yake, inaingia kwenye mviringo wa kijiti vizuri, na inafaa unapotaka kuondoa unga ili upake vanishi. Brashi ya waya nayo ni nzuri ikiwa nyuzi zake ni za stenlesi. Ikiwa ni za chuma cha kawaida, iweke pamoja na stilwaya.

Na stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, nina kesi nayo. Nilipokuwa naanza kazi, bi mkubwa mmoja aliniita picha zake zinaganda. Nikaishusha antena, nikaikalia barazani kwa stilwaya hadi ikawa kama sufuria ya harusi. Akafurahi, akaniletea chai na mahamri. Masika ilipokwisha akaniita tena. "Shikamoo, bibi." "Marahaba mwanangu. Njoo uione antena yako, imeota ndui." Kweli, alumini yote ilikuwa na madoa mekundu. Stilwaya inaacha vumbi na nyuzi ndogo za chuma zilizojichomeka kwenye alumini; zenyewe zinaota kutu, na kila palipo na uzi pana betri ndogo ya chuma na alumini. Nilichomfanyia ni kumpandia mbegu. Halafu la aibu zaidi: picha zilikuwa bado zinaganda. Kisanduku cha kebo sikuwa nimekifungua hata mara moja.

Soda kostiki na asidi ya betri nitazitaja ili nizitoe. Soda kostiki inayeyusha alumini moja kwa moja, na hewa inayofuka hapo ni haidrojeni, inayoshika moto. Asidi ya betri inachoma ngozi na macho, na juu ya ngazi huna pa kukimbilia. Kuna mafundi wanaozitumia. Wakija kwako, wape chai waende.

Kwa anayetaka kuangalia haraka akiwa dukani:

| Njia | Mahali pake | Si mahali pake | Naichagua lini |
|---|---|---|---|
| Maji na sabuni | Vijiti, nguzo, vifuniko | Ndani ya kisanduku | Kila mwaka, hata kama hakuna shida |
| Siki au ndimu | Shaba ya kijani, nati zilizoganda | Ungio usiloweza kulisuuza | Shaba, mara chache alumini |
| Msasa ndani ya grisi | Maungio ya alumini | Vijiti vizima | Karibu kila ukarabati wa kweli |
| Pedi ya kijani | Kijiti kinachosubiri vanishi | Ungio lenye mashimo | Mwenye nyumba akitaka ing'ae |
| Stilwaya | Masufuria | Antena yoyote | Sichagui |

Si kila antena ni ya vijiti vya alumini

Wanaorusha mawimbi mafupi hutumia waya wa shaba uliotandazwa kati ya minazi miwili. Kwa MHz 7.1 waya huo una kama mita 20. Kusugua mita 20 za shaba iliyogeuka kahawia au kijani ni kazi ya mtu asiye na kazi. Kinachofaa ni kukata sentimita 15 za kila upande pale katikati zinapokutana na kebo, kufikia shaba safi, kuilehemu upya kwa risasi na kuifunika. Antena itakuwa fupi kidogo na masafa yake yatapanda kidogo. Ukipenda, ongeza kipande. Ikiwa waya wenyewe ukiupinda unakatika kama kijiti kikavu, hapo nunua mwingine.

Antena za boti, zile fimbo nyeupe za faiba, hazina metali ya kusugua kwa nje. Metali iko ndani. Jua likishazichoma, nyuzi za kioo zinatokeza na kuwasha mikono. Osha kwa sabuni, lainisha kwa msasa laini ukivaa glavu, ipake rangi isiyo na chembe za metali wala kaboni. Rangi ya fedha ile inayopendwa sana kwenye mageti itaziba mawimbi. Na ukiitingisha ukasikia maji ndani, usiifungue. Ukarabati wake hautakufikisha Pemba.

Madishi hayahitaji maneno mengi. Sahani yenyewe ikiwa na kutu lakini haijapinda, ipake rangi isiyong'aa uendelee. Tatizo liko kwenye konekta ya kile kichwa chake, kwa sababu hapo panapita umeme wa volti 13 au 18 kutoka kwenye king'amuzi muda wote. Maji ya chumvi yakikutana na umeme huo, waya wa katikati unaliwa haraka kuliko kutu ya kawaida. Na waya huo kwenye kebo nyingi za bei rahisi ni chuma kilichopakwa shaba tu. Ngozi ya shaba ikitoboka, chuma kinabaki uchi. Antena zenye busta juu zina ugonjwa huo huo.

Konekta na kebo: safisha au kata?

Hapa sina mizani ya kupima pande mbili. Kata.

Konekta iliyooza ukiisafisha itakupa wiki mbili za furaha. Wavu wa kebo ni kama utambi wa taa: maji yakiingia juu yanashuka ndani kwa kunywewa, mita baada ya mita, na ganda la nje linabaki zuri. Kata kipande cha juu, menya, tazama wavu. Ukiwa unang'aa, funga konekta mpya. Ukiwa mweusi au kijani, rudi nyuma tena. Ukishakata mita mbili na bado mweusi, usiendelee kuchonga. Tupa kebo yote. Ni hasara inayouma mwanzoni, najua, hasa kebo nene za redio koli ambazo bei yake si ya mchezo.

Konekta zenyewe hazilingani. Ile kubwa ya PL-259 inayopendwa kwenye redio koli haizuii maji hata kidogo, ingawa inaonekana imara. Ile aina ya N ina mpira ndani na inastahimili zaidi. Za televisheni aina ya F, nunua za kubana kwa koleo lake. Za kuzungusha kwa mkono zinaacha mlango wazi. Yoyote utakayotumia, ifunike.

Baada ya kusafisha, ufunike na nini?

Wateja wengi wanakuja na mafuta ya mgando. Vaselini ni bora kuliko kuacha wazi, nakubali, ila jua la saa nane mchana linaiyeyusha na kuichirizisha, ikabaki vumbi. Grisi ya viungo vya umeme yenye chembe za zinki, ile wanayotumia mafundi wa nyaya za alumini, ndiyo ya kuweka ndani ya ungio. Ikiwa haipatikani, grisi nzito ya bearingi za baharini inasaidia, mradi ungio libanwe vizuri metali zigusane.

Kwa nje ya maungio, tepu nyeusi ya umeme peke yake haitoshi. Gundi yake inageuka uji, kisha inafunguka na kufuga maji. Tumia ile tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe kwa yenyewe. Ivute hadi iwe nyembamba, anzia chini ukipanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule wa chini, kama makuti yanavyopangwa kwenye paa ili maji yapite juu yake. Halafu ndiyo uzungushe tepu nyeusi juu yake kuikinga na jua. Ukianzia juu kushuka umetengeneza vikombe vya kukinga mvua.

Silikoni ya bomba nayo ina mtego. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na ikifungiwa na shaba ndani ya kisanduku inaendeleza kazi ya bahari. Ipo isiyonuka hivyo. Nusa kabla hujalipa. Na kisanduku cha plastiki usikizibe chote: acha tundu dogo upande wa chini, kwa sababu unyevu utaingia tu, na usipopata pa kutokea utakaa.

Vanishi ya kupuliza juu ya vijiti inachelewesha kutu na haidhuru mawimbi ikiwa nyembamba. Rangi ya kawaida isiyo na metali pia. Mimi siipaki, lakini simcheki anayepaka.

Nati na bolti: chuma tupu usikitumie kabisa. Kilichochovywa zinki kinafaa mradi zinki haijaisha. Stenlesi ndiyo ya kudumu, hasa daraja la 316 ambalo limeongezewa molibdeni kwa ajili ya chumvi, tofauti na 304. Lakini stenlesi kwa stenlesi hushikana wakati wa kukaza, zikajilehemu zenyewe, kwa hiyo paka grisi kwenye nyuzi zake. Na stenlesi ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, anayeliwa ni alumini tena, hivyo grisi hiyo inafanya kazi mbili.

Kukarabati au kununua

Antena ndogo ya televisheni, ile ya plastiki nyingi na vijiti vyembamba kama spoku, ikifika mahali pa kuhitaji msasa, hesabu haikubali. Muda wa fundi, konekta, tepu na grisi vitakaribia bei ya mpya. Nunua mpya, lakini usiipandishe kama ilivyotoka kwenye boksi: fungua kisanduku, weka grisi, badilisha skrubu, kisha ndiyo uipandishe. Dakika 20 chini zinaokoa kupanda paa mara tatu.

Antena kubwa ya alumini nene, ya redio koli ya hospitali, shule ya mbali au boti, inafaa kukarabatiwa karibu kila mara kama vijiti vyake viko nzima na vinakaa kwenye mstari. Alumini nene ya zamani ni nzuri kuliko nyingi zinazouzwa leo. Badilisha kebo, badilisha nati, tengeneza maungio matatu au manne, iache na unga wake. Ikiwa bomba la katikati limeliwa mashimoni panapoingia vijiti, hapo ndipo ninapokata tamaa, kwa sababu upepo utamaliza nilichoanza.

Kazi hii ipange kabla ya kusi kuanza kuvuma, paa likiwa kavu. Zima king'amuzi au redio na uchomoe kabisa, kwa sababu ya ule umeme unaopanda kwenye kebo. Tazama nyaya za umeme za mtaa kabla hujainua bomba refu. Wingu la radi likionekana hata mbali upande wa Pemba, shuka. Na ngazi ishikwe na mtu mzima, si mtoto anayetazama simu.

Ya kwangu mwenyewe, juu ya paa langu, ina vijiti vyeupe kama vimemwagiwa unga wa ngano. Majirani wananitania kwamba nyumba ya fundi haina antena ya maana. Kisanduku chake nilikifungua mwezi uliopita, ungio likang'aa, nikalifunga. Kebo ni mpya, na kabla ya kuingia ukutani inashuka ikapinda kitanzi kidogo chini, ili maji ya mvua yadondokee nje.